Mtani Halii Msibani

Yahaya, Mzaramo wa stesheni ya Tabora, hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtani, na mtani akifika msibani kwa Wanyamwezi ana ruhusa ya kumtia mtu wazimu. Utani huo ni wa tangu enzi za misafara ya pwani, na Yahaya aliuheshimu kuliko kazi yake.

Siku ile yeye na rafiki yake Abbasi, Mnyamwezi, walipanda treni kwenda Kigwa, kumzika mjomba wa Abbasi. Huyu Abbasi alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa Chemchem, mgonjwa wa kisukari, na akikupata kwenye benchi la treni basi umekwisha. Alijichoma sindano yake alfajiri, kisha njia nzima akahubiri insulini.

"Chukua duka la ushirika," alisema. "Sukari imejaa stoo, watu wana njaa nje. Kwa nini? Mwenye ufunguo hayupo. Insulini ndiyo mwenye ufunguo. Akifungua, sukari inatoka kwenye damu, inaingia mwilini, unapata nguvu. Mimi wa kwangu aliacha kazi, namwazima kwenye sindano."

"Nimesikia, Mnyamwezi. Mara ya arobaini."

"Basi sikia na hili. Huyu wa kuazima hajui kufunga. Nikichelewa kula, anagawa mpaka stoo inabaki tupu, hata ubongo unakosa. Ndiyo maana natembea na asali."

Yahaya akajifanya amesinzia. Asali yenyewe, kichupa cha asali ya Ipole, alikwisha kuiiba mfukoni mwa Abbasi na kuilamba nusu.

Treni ilichelewa, kama kawaida yake. Walifika Kigwa jua la utosi. Abbasi akaletewa ugali na kuku, hajamega hata tonge, Yahaya akainyakua sahani na kupanda nayo juu ya kichuguu.

"Mnyamwezi hali mpaka acheze ngoma!"

Abbasi akamtukana. Katika utani anayekasirika ndiye ameshindwa, kwa hiyo watu wakacheka. Akaanza kutetemeka, wakacheka zaidi. Akamwendea mbuzi aliyefungwa uani, akamwamkia shikamoo, akamwuliza hali ya wakwe. Hapo waombolezaji walishika mbavu. Kisha akaanguka chali, watani wengine wakaja mbio na kamba, wakampima urefu wa kaburi.

Yahaya akashuka, akajitupa kwa mbwembwe juu ya Abbasi, kana kwamba ndiye maiti. "Nani atatushonea suruali zenye mguu mmoja mfupi?"

Shavu lake likagusa shingo ya Abbasi. Ilikuwa ya baridi, imelowa jasho. Stoo tupu, Yahaya akakumbuka.

Alikitoa kichupa, akamgeuza Abbasi ubavu, akampaka asali kwenye fizi kidogo kidogo. Kicheko kikakatika. Akapaka tena. Aliwaza ile nusu aliyoilamba, akajilaani kimoyomoyo.

Baada ya muda mrefu Abbasi alimng'ata kidole.

Wakamkalisha. Alilamba asali yote iliyobaki, akatazama huku na huku, kisha akamkazia macho mwenzake.

"Mzaramo, unalia?"

"Moshi tu."

"Mtani halii msibani. Akilia, faini yake jogoo."

Yahaya aliileta sahani, akamega tonge, akamwekea mdomoni kwa mkono wake mwenyewe, machozi yakimtiririka mbele ya ukoo mzima.

"Nitaleta majogoo wawili," alisema. "Wewe kula."