Mtumishi Apanga Foleni

Rebeka alipata utumishi kwa sababu ya mwiba wa samaki aina ya changu. Kwaya ilikuwa inakula wali baada ya mazoezi, mwalimu wao Godfrey akakabwa na mwiba, macho yakamtoka. Wengine wanakimbilia maji, wengine wanalia. Rebeka akamshika, akapaza sauti, "Toka kwa jina la Yesu!" huku akimtandika mgongoni kwa mkono uliokulia kwenye kutwanga mahindi kule Njombe. Mwiba ukaruka mpaka kwenye sahani ya jirani.

Tangu siku ile kanisani hakuna tena aliyemwita Mama Zawadi. Ni Mtumishi huku, Mtumishi kule. Akapewa kiti cha mbele. Wenye migongo, magoti na presha wakawa wanamfuata barazani kwake Magomeni, anawaombea, wanaondoka wakisema wamepona. Na tusidanganyane, cheo ni kitamu.

Basi Jumatatu moja mwanawe Zawadi, wa miaka minne, akaamka anachemka, uji hataki. Rebeka akamwombea. Mchana akamwombea tena. Kesho yake asubuhi mtoto anaitwa, haitiki, anatazama dari tu.

Jirani yake Mwanahamisi, mama wa makamo anayeuza mihogo, akachungulia mlangoni.

"Mama Zawadi, mpeleke mtoto hospitali."

"Nimeshamwombea, bi Mwanahamisi. Imani haina haraka."

"Homa inayo."

"Watu wakiniona kwenye foleni watasemaje? Mtumishi wa uponyaji, kadi ya kliniki mkononi!"

"Watasema una mtoto. Ukichelewa, watasema ulikuwa naye."

Rebeka akamkwapua mtoto kitandani. Hata hivyo aibu haikumwacha.

"Niazime buibui lako na ushungi."

Mwanahamisi, pamoja na hofu yake, akacheka. "Ya Rabi! Leo nimemsilimisha mtumishi! Chukua, kimbia!"

Bajaji ikawafikisha. Zawadi akapimwa damu, malaria imempanda vibaya, akatundikiwa dripu hapo hapo. Nesi akasema, "Umemuwahi, mama. Hii isingengoja jioni."

Rebeka akatoka kwenye korido, akakaa kwenye benchi la foleni, ushungi ameuvuta mpaka puani. Pembeni yake mwanamume amejifunika kofia na taulo shingoni. Mbele kidogo mwanamke amefungua mwavuli ndani ya jengo.

"Mama Zawadi!" nesi akaita. "Mtoto anakuulizia!"

Rebeka akaruka, ushungi ukaanguka. Mwenye taulo naye akaruka. Kumbe Godfrey!

"Mtumishi! Mimi... nimemsindikiza mtu."

"Nani?"

"Mgongo."

Mwavuli ukafungwa taratibu. Alikuwa Lucy wa sauti ya kwanza, yule ambaye presha yake "ilikwisha" wiki mbili nyuma.

"Utusamehe, mama. Tuliogopa kukuvunja moyo."

"Mbona na mimi nilikuwa nawakimbia ninyi!"

Wakacheka mpaka nesi akawafokea, huku ni hospitalini si harusini.

Lakini Rebeka alipokuwa anamnywesha Zawadi maji kwa kijiko, kicheko kikamkauka. Hawa wawili walijificha, wakaja. Je, wale walioona haya wakabaki nyumbani na watoto wao?

Jumapili akasimama mbele ya kanisa, Zawadi mgongoni anavuta kitambaa cha kichwa.

"Mungu anaponya, nami sitaacha kuomba," akasema. "Ila huyu mnayemwona alikuwa anakufa, na mimi mama yake nilikuwa ninalinda jina. Mwenye homa asije barazani kwangu akakaa. Aje tupande bajaji, nitamwombea humo humo, kwa sauti, mpaka mlango wa daktari. Na mtoto wa mtu akiwa haitiki, msinitafute kabisa. Kimbieni, nitawakuta huko."

Kisha Zawadi akauliza, wote wakasikia, "Mama, tunakula saa ngapi?"

Haleluya iliyopigwa hapo ilifika mpaka kwa bi Mwanahamisi.