Mama na Bei ya Nusu Dakika

Mama yangu hajawahi kununua wala kuuza kitu kwa bei ya kwanza. Ni fundi cherehani, na iwe kitambaa, zipu au vifungo vya shati, utaratibu wake ni uleule: anauliza bei, anashtuka, anataja ya kwake, ananyamaza, kisha anaondoka taratibu. Kuondoka taratibu ndiyo kazi yenyewe, kwa sababu muuzaji humwita kabla hajafika mlangoni. Mimi nimekua nikiburutwa mkono kutoka kwenye maduka ambayo tulirudi muda huohuo, na kwa aibu niliyokuwa nayo nilitamani niwe mtoto wa jirani.

Sasa mimi ni mtu mzima na ninaandika programu za kompyuta. Mama huwaeleza wateja wake kwamba nashinda nikiandika vitu ambavyo hakuna anayevisoma.

Siku hiyo tulikuwa na shughuli moja tu. Fundi Mkasi, mshonaji wa mlango wa pili kutoka kwa mama, alikuwa anaacha kazi kwa sababu ya macho, na alikuwa anauza mashine yake ya kudarizi. Mama aliitamani mashine ile kwa namna ambayo sidhani kama alimtamani baba. Bei walikuwa wameshapatana, baada ya kuondokeana na kuitana mpaka majirani wakachoka, na mikono wakapeana. Kwa mama, mkono ukishapewa bei hairudiwi. Hata ukikuta umepungukiwa, unaacha kitu chenyewe, huendi kubembeleza upya.

Fundi Mkasi alimpa mpaka jioni atakapofunga. Baada ya hapo mashine ingekuwa ya mwenye kiwanda cha sare, aliyekuwa tayari kulipa zaidi bila maneno, jambo ambalo mama alisema linaonyesha hakulelewa. Kazi zote za kudarizi mama huzipeleka kwa mwenye kiwanda huyohuyo, na faida yake huishia huko. Bila mashine ile angeendelea kumfanyia kazi mpaka na yeye macho yamchoke.

Pesa zilikuwepo, ila zilikuwa sarafu za kidijitali. Kaka yangu yuko mbali kikazi, analipwa hivyo, na humtumia mama hivyohivyo. Mimi nilitakiwa kuzibadilisha ziwe ile sarafu nyingine isiyoyumba, inayofuata dola, ambayo wakala wa mtaa wa nyuma huinunua papo hapo kwa pesa taslimu.

Nilikuwa nimeandika programu ndogo kwa kazi hiyo. Inatumia API ya kampuni moja ya kubadilisha sarafu, yaani programu yangu inauliza na kompyuta yao inajibu. Inaweza kuuliza bei ya soko, ambayo ni habari tu, ya kutazama. Au inauliza bei ya ahadi: unasema una kiasi gani na unataka nini, wanakujibu watakupa ngapi hasa, na jibu hilo linaishi nusu dakika. Ukibonyeza Kubali kabla haijaisha, mmemalizana. Usipobonyeza, jibu linakufa na unauliza upya.

Nilimweleza mama haya yote mezani kwetu, kompyuta ikiwa kati ya birika la chai na mfuko wa vipande vya nguo. Alisikiliza kwa adabu kabisa.

"Haya, uliza," akasema.

Nikauliza. Jibu lilitosha mashine, na chenji ya kununua uzi wa kila rangi. Kidole changu kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe.

"Toa mkono hapo. Hiyo si bei yake ya kwanza?"

"Ndiyo mama, lakini..."

"Basi."

Akashtuka. Namaanisha alishtuka kikazi: alijiegemeza nyuma, akashika kifua, akaiangalia skrini kama imemtukana. Kisha akachukua mkoba wake, akatoka chumbani taratibu, nikamsikia akisimama nyuma ya mlango. Sekunde zikaisha. Bei ikafa.

"Anasemaje?" aliuliza akiwa hukohuko.

"Hasemi kitu, mama. Muda umekwisha."

"Uliza tena."

Bei ya pili ilikuwa chini kidogo. Mama alirudi na mkoba wake, akavaa miwani, akaisoma mwenyewe.

"Amepunguza? Mimi nikimuuzia mtu nikaondoka, huongeza!"

"Soko linashuka, mama. Hata tukikaa kimya linashuka."

"Huyu ni mgumu tu. Wa namna hii nawajua. Yule wa mapazia alianza hivihivi, leo ananiita dada." Akavuta kiti. "Muulize mfululizo. Mchoshe."

Niliuliza mfululizo. Pesa zilikuwa zake na yeye ni mama yangu, na sababu hizo mbili zimeshanifanyisha mambo ya ajabu zaidi ya hayo. Kila bei ilikuja ndogo kuliko iliyotangulia, na kila mara mama aliguna na kuiacha ife. Mwishowe likaja jibu la maneno matupu: *Maombi yamezidi. Subiri kisha ujaribu tena.*

"Kakasirika," mama alisema, na furaha hiyo sikuwa nimeiona usoni mwake siku nyingi. "Amenuna. Akinuna ujue anakaribia kukubali. Na sisi tunune."

Tukanuna. Mama alinuna huku akimimina chai. Mimi nilinuna kwelikweli, nikiangalia bei ya soko, ambayo haikuwa imezuiwa, ikiteremka pembeni mwa skrini. Pesa ya uzi wa rangi zote ilikwenda, ikafuatiwa na ya mafuta ya mashine.

Simu ya mama ikaita. Alikuwa Fundi Mkasi: je, bado anaitaka? Maana mwenye kiwanda ameshaegesha gari nje.

"Niko njiani," mama alimjibu, akiwa ameketi, kikombe mkononi.

Hapo nilishindwa kuvumilia. "Mama, hakuna mtu!"

"Hakuna mtu wapi?"

"Huko! Anayekupa bei ni kompyuta. Haikuoni ukitoka. Haijui kama kuna mlango. Haiwezi kukuita."

Aliweka kikombe chini. "Hata bosi wake hayupo?"

"Hayupo."

Aliutazama mlango, kisha skrini. "Sasa muda wote huu nimemnunia nani?"

Tangu utotoni nilingoja siku ambayo ujanja wake ungegonga mwamba, na siku ilipofika nilimwona amekaa pale na mkoba mapajani, mdogo kuliko kawaida yake, nikajichukia.

"Uliza mara ya mwisho," akasema.

Kizuizi kilikuwa kimeondoka. Jibu lilitosha mashine tu, hata nauli haikubaki.

"Kubali."

"Nikubali, mama?"

"Nimesema kubali. Usinitie aibu mbele yake."

Nikabonyeza. Skrini ikaandika kwamba imekamilika. Mama aliendelea kuitazama.

"Haisemi hata karibu tena?"

"Haisemi."

Tulikwenda kwa wakala mbio, kisha tukakatiza vichochoro kwa miguu. Fundi Mkasi alikuwa ameshafunga ubao mmoja wa mlango. Mama alimkabidhi pesa yote kama walivyopatana, na mashine tukaisukuma wenyewe hadi mlango wa pili, tukipita mbele ya gari la mwenye kiwanda. Mama alisimama kumsalimia. Alimuuliza hali yake, ya mkewe, ya kila mtoto, na ya kiwanda.

Tulipokwisha kuiweka sawa nikachungulia simu yangu. Soko lilikuwa limepanda, juu kuliko hata bei ile ya kwanza kabisa. Uzi, mafuta, nauli, vyote vilikuwa vimerudi, ila havikuwa vyetu tena. Roho iliniuma. Nikaizima simu haraka na kuitia mfukoni.

Mama alikuwa ametunga uzi mweupe, ndio pekee aliokuwa nao, akijaribu kudarizi ua kwenye kipande cha nguo.

"Yule wa kwenye kompyuta," alisema bila kuinua uso. "Tulivyoondoka, hakuita?"

Jibu la kitaalamu nilikuwa nalo, na nilikuwa nimeshalitoa mara moja siku hiyo.

"Ameita, mama. Amepandisha kuliko bei ya kwanza."

Aliisimamisha mashine. Nilingoja alie, au anilaumu, na kunilaumu ilikuwa haki yake. Uso wake ukanawiri.

"Nilijua tu," akasema. "Mwache aite."