Mke wa Babu na Kichupa cha Watu Watano

Mimi nina waume wawili, na msinitolee macho. Wa kwanza ni Raymond, tulifunga ndoa kigangoni mbele ya padri na mashahidi. Wa pili ni Mzee Wilibrodi, babu yangu mzaa baba, aliyenioa kwa mdomo siku niliyozaliwa, kama babu wote wanavyowaoa wajukuu wao wa kike. Tangu nina meno mawili ananiita mke wangu, na Raymond anamwita mwizi. Sasa huyo Raymond hajawahi kunisumbua sana. Aliyenitoa jasho ni huyu mzee.

Kijiji chetu kiko juu kidogo ya Mpui, na mimi ni mhudumu wa afya wa jamii. Maana yake nazunguka nyumba kwa nyumba na daftari, nawauliza watu wazima kama wana choo, nao wananiuliza kama nina akili. Oktoba ya mwaka 2021 kazi ilikuwa moja tu, chanjo ya korona. Nesi wetu Asifiwe, dada wa Mbeya asiyependa mchezo, alibandika karatasi kubwa kwenye ukuta wa zahanati, yenye mistari miwili: wa wagonjwa na wa waliochanjwa. Mstari wa wagonjwa ulilala kwenye sifuri tangu Januari, kwa sababu kipimo hakikuwahi kufika kwetu, na usipopima humpati mgonjwa. Watu walikuwa na mafua makali, walikuwa na kifua, walikuwa na changamoto ya kupumua. Tulizika mpaka fundi akaishiwa mbao za majeneza, na mstari haukupanda hata kidogo. Wa waliochanjwa nao ulikuwa kwenye sifuri. Mistari yote miwili ilijilalia pale chini kama mtu na mkewe.

Tatizo lilikuwa kichupa. Kichupa kimoja cha chanjo kinatosha watu watano, na kikishatobolewa kina saa chache tu, zikipita kinachobaki kinamwagwa. Asifiwe hakuwa mtu wa kumwaga.

"Leteni watu watano, nafungua," alisema. "Wakiwa wanne, sifungui."

Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshachanjwa kwenye semina mjini Sumbawanga, kwa hiyo sikuhesabika. Nilihangaika wiki mbili nikapata wanne: Raymond, ambaye hakuwa na pa kukimbilia, mwalimu Herman, Mama Bertilla anayeuza dagaa wa Kirando, na Mzee Eustaki, rafiki wa babu tangu ujana. Hao wanne walikwenda zahanati mara tatu, na mara tatu wakarudishwa. Mara ya tatu Mama Bertilla alinigeukia mbele za watu.

"Angela, unatuzungusha mpaka lini? Babu yako yuko wapi? Mchanje wa kwenu kwanza, ndipo utufuate sisi!"

Niliumia, kwa sababu alisema kweli. Babu ana miaka themanini na mmoja. Kifua chake kinapiga filimbi tangu nikiwa mdogo, na asubuhi za baridi anakohoa mpaka anashika ukuta. Bibi Rozina, mkewe wa kweli, alifariki Februari mwaka huohuo. Wimbi lingine likija, nilijua litaanza na babu, nami nilikuwa nampenda yule mzee kuliko ninavyoweza kusema. Sikutaka kuzika wote wawili ndani ya mwaka mmoja.

Nikamfuata kwake. Nilimkuta uani anatia mpini kwenye jembe.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mke wangu. Umemwacha lini yule mwizi?"

"Babu, kesho twende ukachanjwe."

"Nimeshachanjwa." Akakunja shati akanionyesha kovu la mviringo kwenye mkono. "Hili hapa. Baba yako alikuwa hajazaliwa."

"Hiyo ilikuwa ya ndui!"

"Mwili wangu umeshaijua sindano."

"Hii ni ya korona, babu."

"Korona ipi? Kasome karatasi yenu pale ukutani. Imeandikwa sifuri. Mmeandika wenyewe kwamba ugonjwa hakuna, halafu mnanikimbiza na dawa yake. Mke wangu, nani kakuroga?"

Nilirudi nyumbani nikipiga teke kila kilichokuwa njiani, pamoja na ndoo yangu mwenyewe. Raymond alinisikiliza mpaka nikamaliza kulalamika, kisha akasema neno moja la maana, la kwanza mwaka ule.

"Si wewe ni mke wake? Mke habembelezi hivyo. Mke anasumbua."

Basi Jumapili, ibada ilipokwisha na watu wakiwa bado wamesimama nje ya kigango wanasalimiana, nilitokea na godoro kichwani na sufuria mbili mkononi. Raymond alinifuata amebeba jembe langu na mto.

"Mzee Wilibrodi!" nikaita. "Miaka thelathini na miwili unaniita mke. Leo nimehamia!"

Raymond akapiga magoti kwenye vumbi. "Babu, nilikuibia. Nimemrudisha mwenyewe. Nisamehe."

Watu walicheka mpaka wengine wakashika mbavu, na wanawake wakapiga vigelegele. Babu alitazama godoro, akanitazama mimi, akatazama watu. Alikuwa amebanwa na alijua. Kwetu mtani akikufanyia jambo, unacheka au unamrudishia kubwa zaidi. Ukikasirika umeshindwa, na unatozwa faini. Na babu yangu alikuwa hajashindwa na mtu tangu nimjue.

"Karibu nyumbani," alisema. "Mumeo ana njaa."

Nikaingia kazini. Ugoro wake niliuficha kwenye gunia la ulezi. Kimpumu, ile pombe yetu ya ulezi, niliigawa kwa majirani, nikisema mume wangu ameacha. Niliweka ndoo ya maji na sabuni mlangoni na sikumpa chakula mpaka anawe nikiona. Nilimshonea barakoa kwa kitenge changu cha zamani chenye picha za bata. Na kila alipomega tonge, nilimuuliza kwa upole kabisa, "Na chanjo je, mume wangu?"

Babu naye hakuwa mtu wa kuonewa. Alinigongea mlango jogoo wa kwanza alipowika, twende tukalime, maana mwanamke wa Ufipa hangoji jua. Kila aliyepita njiani alimsimamisha kumwambia kwamba mke mpya anakoroma na maharage yake yana mawe. Jumanne alimpitisha Raymond shambani, akaketi naye kivulini, akaninyooshea kidole nikiwa nimeinama na jembe. "Mwizi wewe, ulivumiliaje?" Raymond alicheka kuliko ilivyohitajika, na nilimkumbusha hilo baadaye.

Jumatano mchana babu alinishtaki. Alinipeleka kilabuni kwa wazee wenzake, na Mzee Eustaki akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akawa hakimu. Nusu ya kijiji ilikuja kusikiliza.

"Nimeoa balaa," babu alianza. "Hanipi ugoro, hanipi pombe, ananivalisha bata usoni. Sasa anataka nikachomwe sindano ya ugonjwa ambao haupo. Niamulieni."

"Mshitakiwa?" Eustaki aliuliza.

"Mheshimiwa, mimi nataka mume mwenye pumzi," nikasema. "Huyu akipanda kilima kidogo tu, kifua chake kinasikika mpaka Mpui."

Watu wakaangua kicheko. Eustaki akagonga ndoo kwa fimbo.

"Mke ana haki. Wilibrodi, tamka hapa mbele yetu. Unakwenda kuchanjwa na mkeo, au humtaki?"

Nilikuwa nimeshinda. Ningenyamaza hapo, kesho yake tungekuwa watano. Lakini mdomo wangu huu! Mdomo wangu hauna breki. Niliona watu wanacheka, nikataka wacheke zaidi.

"Atanikataa tu," nikasema. "Anapenda wake wasiosumbua. Mke mwenzangu Rozina hakusumbua, ndiyo maana leo hayupo."

Babu alisimama, na kigoda chake kikaanguka.

"Nyamaza!" Sauti ile sikuwahi kuisikia. "Mke wangu ni mmoja tu. Yuko makaburini. Usimtaje tena na mdomo wako huo!"

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyemtoza. Babu alichukua fimbo yake akaondoka, na Eustaki juu ya ndoo yake akaniambia taratibu, "Umezidisha, binti." Nilijua. Nilitamani ardhi inimeze. Jioni ile nilikunja godoro langu, nikamwekea babu chakula na ugoro wake mezani, nikarudi kwa Raymond. Babu hakutoka chumbani kuniaga.

Asubuhi ya Alhamisi nilikwenda zahanati kuwaomba radhi wale wanne, kwa sababu nilikuwa nimewaahidi babu siku hiyo, nao walikuja kuona kama atatokea. Mama Bertilla alikuwa ameshafungua kinywa kunisema, mara akakifunga. Babu alikuwa anakuja kwa miguu yake, amevaa koti la kanisani na bata usoni.

Alisalimia kila mtu isipokuwa mimi. Kisha akamwambia Asifiwe:

"Jana nilikasirika kwenye utani. Kijiji kizima kiliona, na hakuna aliyethubutu kunitoza. Sitaki kuonewa huruma. Nimekuja mwenyewe."

"Mzee, hii si faini," Asifiwe alimwambia. Alimketisha, akamsomea fomu ya kukubali yote, mpaka pale panaposema anaweza kukataa na hakuna atakayemfanya lolote. Babu alisikiliza bila kumkatiza. Alipoulizwa mara ya pili kama anakubali kwa hiari yake, alichukua kalamu akaandika jina lake lote, herufi moja moja. Asifiwe akakitoboa kichupa.

Babu alichanjwa wa kwanza. Hata hakukunja uso. Akaambiwa akae dakika kumi na tano kwenye benchi la nje, aangaliwe kama yuko sawa. Nilikwenda nikasimama karibu yake, nimeshika daftari langu kifuani, sijui pa kuanzia.

"Babu, nisamehe kwa ya jana."

Alikuwa anautazama mlango wa zahanati uliokuwa wazi, na ile karatasi ya ukutani ilionekana ndani.

"Unajua kwa nini nilikuwa nakataa, Angela?"

Aliniita jina langu. Nilishtuka kuliko alivyonishtua jana.

"Ukaidi," nikasema.

"Ukaidi upo. Lakini nikinyoosha mkono, nimekubali kwamba ugonjwa ulikuwepo. Na kama ulikuwepo, ndio uliomuua Rozina." Alivuta pumzi, ile filimbi ikasikika. "Ulikuja siku ya nne ukasema tutafute gari tumpeleke mjini. Nani alikataza?"

"Babu..."

"Ni mimi. Nilisikia wanaofia kule wanazikwa na watu wasiowajua, bila ndugu, bila wimbo. Nikasema, Rozina wangu hazikwi hivyo. Nikamfungia ndani nikamwekea mvuke wa majani siku tano, mpaka akaisha. Halafu mkaweka karatasi hii. Kila nikipita naingia kuitazama. Sifuri. Najiambia, unaona, hakukuwa na ugonjwa, siku zake zilikuwa zimefika tu. Ile sifuri imenilaza usingizi, mjukuu wangu."

Ningeweza kumwambia asijilaumu, kwamba ni mapenzi ya Mungu, kama tunavyoambiana msibani. Lakini mzee alikuwa ameniambia ukweli, nami nilikuwa na wangu, na nilikuwa nimeuficha miezi minane.

"Babu, daftari la vifo nalijaza mimi," nikasema. "Bibi nilimhesabia pumzi mwenyewe. Nilijua ni nini. Nilipofika mahali pa sababu ya kifo, niliandika uzee. Niliogopa ningeandika lingine, watu wangeniuliza mhudumu wa afya alikuwa wapi. Nilikuwa hapohapo. Wewe ulikataza mara moja tu, na mimi nikanyamaza. Mimi ambaye sijawahi kunyamaza."

Babu aliishusha barakoa yake mpaka kidevuni akanitazama. Nilingoja anifukuze.

"Basi tulikuwa wawili," alisema, akanisogezea nafasi kwenye benchi.

Nikakaa, na kilio kikanitoka pale pale, kilio cha sauti, cha msibani, ambacho Februari nilikibana kwa sababu nilikuwa na daftari mkononi. Babu alinishika shingo kwa mkono wake ambao haukuchomwa. Kina mama waliokuwa wameleta watoto kliniki wakaacha kuongea, na mmoja wao akamuuliza mwenzake kama kweli sindano yenyewe inauma kiasi kile.