Kigoda cha Mlangoni

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea, na kila Jumapili husimama mbele ya kanisa kueleza jinsi Mungu alivyomwokoa. Anaeleza vizuri, sikatai. Watu wanalia, mchungaji anafuta miwani. Pipa lilimlipukia mikononi, chuma kikachanika kama karatasi, naye akatoka bila kuungua hata unywele. Kiberiti kilichokuwa kwenye mfuko wa shati lake hakikushika moto. Anacho mpaka leo, anakitoa na kukitikisa ili watu wasikie njiti zikilia ndani.

Hayo yote ni kweli, nilikuwepo. Asichokisema ni kwamba mfuniko wa pipa uliruka mpaka mlangoni mwa karakana, ukampiga mwanetu kichwani, akafa kabla sijamfikia.

Tulimwita Mlingoti kwa urefu wake. Mimi na baba yake ni wafupi, na majirani walikuwa wakinitania kwamba huyu nimemwokota. Angekuwa na kimo chetu, mfuniko ungepita juu yake ukaenda kugonga ukuta wa ng'ambo ya barabara. Nimepima mwenyewe. Alama ya mfuniko ingalipo kwenye fremu ya mlango, na mimi nikisimama hapo iko juu ya utosi wangu kwa zaidi ya shubiri.

Kwenye kazi ile kuna jambo moja ambalo kila mtu analijua. Pipa lililobeba petroli, hata likiwa tupu, lina mvuke ndani, na mvuke ukikutana na cheche hakuna wa kusimulia. Kwa hiyo unalijaza maji kwanza, halafu unaligonga kwa nyundo. Likiwa limejaa, sauti ni nzito. Likiwa tupu linalia kama kengele. Kujaza ni kazi ya msaidizi, kugonga ni kazi ya fundi, na fundi hagusi mashine kabla ya kugonga. Siku ile Mlingoti, aliyekuwa msaidizi wa baba yake, alidhani baba amejaza, na baba alidhani Mlingoti amejaza. Kosa hilo nawagawia wote wawili. Lakini nyundo ilikuwa mkononi mwa mmoja.

"Sikugonga," aliniambia siku ya mazishi, tukiwa wawili nyuma ya nyumba.

Neno hilo lingetosha nimsamehe, kama angelirudia mbele za watu. Hakulirudia. Alikuwa mtu wa kuingia kanisani siku za harusi tu. Sasa akaingia na ushuhuda, na kadiri mambo yalivyotuharibikia ndivyo imani yake ilivyonenepa. Wateja wakatukimbia, akasema anajaribiwa. Mguu ukamvimba, anajaribiwa. Nikaacha kula naye meza moja, nikawa jaribu na mimi. Nilimwomba jambo moja tu, aseme kwamba hakugonga. Akanijibu, kwa upole unaotia kichefuchefu, kwamba ninaangalia mambo kwa macho ya mwili.

Mimi sikuwa na Mungu wa kugombana naye. Nilimzika mwanangu nikijua ni ajali, na ajali haina masikio, utaigombezaje?

Halafu akapata wazo lake. Angechomelea pipa tupu lenye mvuke wake, bila tone la maji, kanisa zima likishuhudia. Mchungaji alijaribu kumkataza, kisha akakubali shingo upande, kwa sharti kwamba waumini wasimame ng'ambo ya barabara. Hapo nikajua imani ya mchungaji inaishia wapi. Na ili mtu asiseme kuna ujanja, mume wangu akaniambia pipa nikalichague mimi.

Nililichagua. Nilikwenda kwa muuza mafuta nikanusa mapipa yake moja baada ya jingine, nikachukua lililonitoa machozi, lenye ufa ubavuni. Mnaotaka kunihukumu, jipangeni. Nilitaka limlipukie.

Asubuhi ya ushuhuda karakana ilikuwa imefagiliwa. Akalilaza pipa juu ya meza ya chuma, palepale pa siku ile, mfuniko ukielekea mlangoni. Waumini wakaanza kuimba ng'ambo. Nikavuta kigoda chake cha kazi, nikakiweka mlangoni, nikapanda. Utosi wangu ukapita ile alama.

Aliinua kinyago chake cha kuchomelea akanitazama. Alielewa papo hapo.

"Shuka, Mama Mlingoti," alisema. Tangu mazishi hakuwa ameniita hivyo.

"Gonga kwanza."

Nyundo ilikuwa karibu na kiwiko chake. Angeligonga pipa mara moja tu, likalia utupu wake mbele ya watu wote wale, ningeshuka na kumsamehe palepale. Aliitazama nyundo. Akatazama kimo changu kipya, kimo cha mwanawe. Kisha akashusha kinyago na kuwasha mashine.

Cheche zikamwagika. Harufu ya petroli ilinijaa puani, na nikaona tundu dogo likifunguka kwenye chuma, jekundu, kisha likiziba. Sikufumba macho. Alichomelea ufa wote, polepole, mpaka mwisho, akazima. Hakuna kilichotokea.

Walivuka barabara wakikimbia, wakamwinua juu. Fundi wa karakana ya jirani, ambaye haamini chochote, aliinama akanusa pipa, akajifuta uso, akaondoka bila kuaga. Mume wangu alikuwa akilia huku akinitazama juu ya vichwa vya watu.

"Umeona?" aliniuliza.

Nimeona. Niliteremka kwenye kigoda, nikapiga magoti sakafuni. Wakadhani nimeokoka, wakaniwekea mikono kichwani, wakashukuru. Hawakukosea sana. Tangu siku hiyo naamini kuliko wote, kuliko hata yeye. Naamini Mungu yupo, na naamini anaweza kuuzuia moto akitaka. Basi na siku ile ya kwanza alikuwemo karakanani. Alituangalia sote watatu, akachagua.

Sasa nakaa mstari wa mbele. Mchungaji ananitolea mfano kwa wanawake wengine, jinsi ninavyokawia kwenye maombi, midomo ikitembea na machozi yakinitoka. Hajui ninachosema. Namwambia Mungu, mwanangu alikuwa mlangoni, na wewe ulimwona. Mume wangu simwombi tena jibu lolote. Nimepata wa kumuuliza, na huyu hafi.