Karani wa Maneno Yaliyofutwa

Jumanne saa nne asubuhi mpiga picha alibandika tangazo kwenye mlango wa duka la fotokopi, kati ya matangazo ya chumba cha kupanga na paka aliyepotea: "Anatafutwa mwandishi wa skripti. Filamu fupi, bajeti ndogo sana. Malipo ni chakula cha mchana na jina lako mwishoni." Alikuwa amepiga video za harusi na mahafali kwa miaka kumi na mmoja. Kamera alikuwa nayo. Alikosa mtu wa kuandika.

Filamu ilimhusu mama yake, aliyekuwa dobi katika kiwanda cha kufulia mashuka ya mahoteli. Siku boila ya kuchemshia maji ilipopasuka, wanawake tisa walifia ndani ya chumba cha pasi. Yeye alitoka kwa kupitia dirishani, mkono umeungua mpaka kwenye kiwiko. Mahakamani alieleza alichokiona. Wakili wa kiwanda akapinga, hakimu akaamuru sentensi moja ifutwe kwenye kumbukumbu, na tangu hapo mama hakuweza kuisema. Akifika mahali pake, midomo ilicheza bila sauti, kisha sauti ikarudi kwenye sentensi iliyofuata. Akijaribu kuiandika, kalamu iliishiwa wino. Waliokuwepo mahakamani walikumbuka tu kwamba alisema kitu. Daktari wa koo alimwangalia, akasema hilo si la hospitali, akamwita mgonjwa mwingine.

Mwandishi wa kwanza alikuja na miwani ya jua kichwani.

"Dada, hapa tuingize mapenzi. Mtoto wa mwenye kiwanda anampenda dobi."

"Na waliokufa?"

"Tunawaonyesha kwa mbali."

Mpiga picha alimlisha, akamshukuru, akamfungulia mlango.

Wa pili alikuwa mwalimu mwenye kuandika michezo ya redio. Yeye alitaka mwishoni mwenye kiwanda aombe radhi.

"Hajaomba," alisema mpiga picha.

"Ndiyo maana inaitwa filamu."

"Basi yangu tuiite jina lingine, mwalimu."

Wa tatu alikuwa mama mtu mzima, amevaa sweta ya kijivu iliyofungwa vifungo vyote. Alikula taratibu, akafuta mdomo.

"Skripti sijawahi kuandika," alisema. "Nilikuwa karani wa mahakama, nimepiga chapa kesi miaka thelathini na minne. Watu wanavyosema, najua. Wanavyonyamazishwa, najua zaidi. Sentensi ya mama yako niliifuta mimi."

Mpiga picha alivuta sahani ya mgeni upande wake.

"Ukaona uje ule na chakula changu?"

"Nimekuja uichukue. Nilizozifuta zote zilinifuata nyumbani."

Nyumba ya karani ilikuwa na vyumba viwili na jiko. Maneno yaliyofutwa yalikaa kabatini, chini ya kitanda, nyuma ya pazia, yakinong'ona kama watu walio kwenye foleni ya benki. Moja lilikuwa na kikohozi. Sentensi ya mama ilikuwa jikoni karibu na dirisha, kwa sababu haikupenda kufungiwa. Ilisema kwa sauti ya mama, ila changa zaidi:

"Mlango wa chumba cha pasi ulifungwa kwa nje, na nilimwona meneja akitia ufunguo mfukoni."

Mpiga picha alikaa kwenye kigoda. Miaka yote hiyo alikuwa amedhani ni sentensi ndefu.

"Sukari vijiko vingapi?" aliuliza karani.

Waliandika wiki sita, wakigombana karibu kila siku. Mpiga picha alipotaka mama alie mahakamani, karani alifuta.

"Hakulia. Alikuwa anawataja wenzake. Nilikuwepo."

"Umezoea kufuta wewe."

"Safari hii nafuta uongo, binti yangu."

Madobi walicheza nafasi zao wenyewe siku za mapumziko. Kwa tukio la mahakama, karani aliileta sentensi ndani ya mkoba. Mama aliimeza kama anavyomeza maji, akasimama, akaisema. Pikipiki ikapita nje ikipiga honi.

"Turudie, mama," alisema mpiga picha.

Mama aliirudia mara nne. Ya tano hakuombwa.

Afisa wa ukaguzi wa filamu aliagiza sentensi hiyo iondolewe. Mpiga picha akaikata mbele yake, wakaitazama filamu upya, na mama akaisema palepale. Afisa akaikata kwa mkono wake. Safari hii mama alitaja na rangi ya shati la meneja. Alipoikata mara ya tatu, alitaja saa. Afisa akafunga kompyuta kabla hajasikia zaidi, akaandika barua ya kuipiga filamu marufuku.

Waliionyesha Jumapili mchana katika ukumbi wa harusi, milango yote ikiwa wazi. Viti havikutosha. Mama alikaa mstari wa mbele, na kila sentensi yake ilipofika aliisema pamoja na skrini, bila haraka.

Jumatatu saa mbili kamili chumba cha pasi kilifungwa kwa nje kama kawaida, madobi kumi na wanne wakiwa ndani. Meneja alikuwa amepandishwa cheo. Ufunguo alikabidhiwa msaidizi wake. Hakimu alistaafu kwa heshima, akapewa saa ya ukutani.

Lakini kwa karani watu walianza kuja. Waligonga, wakataja mwaka wa kesi, wakasubiri barazani. Mwenye lile neno la kikohozi alikuwa mzee mmoja aliyenyang'anywa shamba. Alipoondoka, kikohozi aliondoka nacho. Kabla hajafika getini mpiga picha alimwomba arudi kesho, wazungumze habari ya filamu ya pili.

Alhamisi afisa wa ukaguzi alimletea karani barua nyingine, yenye mihuri miwili, ikikataza filamu yoyote itakayotengenezwa na yeye na mpiga picha. Karani aliisoma mpaka mwisho, akarekebisha koma moja, akaigeuza. Nyuma ilikuwa nyeupe kabisa.

"Unazo nakala nyingine?" alimwuliza. "Karatasi zimetuishia."

Afisa alikuwa nazo tatu. Karani akazipokea, akatia moja kwenye mashine, akaanza kupiga chapa tukio la kwanza la filamu ya pili.