Mwendo wa Sauti ya Mama

Bwana Clifford Haas alibisha kwetu kwa sababu ya maua. Alitueleza mwenyewe baadaye kwamba akiingia mji wowote wa Delta ya Mississippi, hapotezi muda kwenye nyumba zilizopakwa rangi juzi. Hutafuta kibaraza chenye maua yaliyozeeka kwenye makopo, maana penye maua ya namna hiyo pana mtu asiyehama, na mtu asiyehama hatupi vitu. Huko ndiko santuri za zamani zinakolala, chini ya vitanda na nyuma ya makabati.

Alitukuta tunamenya kunde, mimi na dada Odessa. Mzungu wa makamo, shati limemganda mgongoni, kashika kofia mkononi. Siku zile Mzungu akisimama mbele ya nyumba ya mtu mweusi Mississippi, alikuwa amekuja kudai, au kuuza, au mambo mabaya zaidi ya hayo.

"Kama ni bima ya mazishi umechelewa," dada alimwambia kabla hajafungua mdomo. "Tunayo ya kutosha kufia mara mbili."

"Siuzi kitu, mama. Nawatafuta jamaa za Luvenia Stamps, yule aliyekuwa anaimba."

Mkono wa dada ulisimama ndani ya beseni. Luvenia Stamps alikuwa mama yetu.

Hapa lazima niseme jambo langu wazi. Mama alifariki nikiwa bado natambaa, na hatuna hata picha yake. Baba, aliyekuwa shemasi, alizitia santuri zote za nyumbani motoni wiki ile ile ya mazishi, na gita la Mama akamgawia mtu wa mbali. Aliyenilea ni dada Odessa, na yeye ukimuuliza Mama alikuwaje, atakujibu alikuwa mrefu. Basi, hapo umefika mwisho wa habari. Wenzangu waliofiwa hulia kwa kuwakumbuka mama zao. Mimi nililia kwa kukosa cha kukumbuka, na tangu utotoni nilitaka kitu kimoja tu, kuisikia sauti yake, nami nilijua sitaisikia.

"Ninayo santuri yake," Bwana Haas alisema. "Nimeizungukia majimbo matatu, sijampata mwingine mwenye nakala ya pili."

Aliipata kwa bibi mmoja wa Yazoo City, imewekewa chungu cha maua juu yake, imepinda kama ukingo wa kofia. Aliiosha kwa sabuni laini na brashi ya kuchania nywele za mtoto mchanga. Kisha akailaza katikati ya vioo viwili vya dirisha, akaianika juani, akakaa kando yake mchana kutwa akiusogeza mzigo wake kila kivuli kilipokaribia, mpaka ikalala sawa. Nilimsikiliza mtu huyu nisiyemjua, nikawaza kwamba amemshika mama yangu kwa upole kuliko tulivyomshika sisi watu wake. Nilimwonea wivu.

"Nyimbo za kidunia kwenye kibaraza cha shemasi," dada alinong'ona.

"Shemasi yuko makaburini," nikamjibu. "Akitaka kulalamika, aje."

Basi mashine ikawekwa juu ya kigoda, waya ukapitishwa dirishani. Bwana Haas aliitoa santuri kwenye mfuko wake kwa viganja viwili, bila vidole kugusa uso wake, akaishusha sindano. Kwanza ilitoa mlio wa kukaanga, kama mafuta ya nguruwe yakipata moto. Halafu gita likaja mbio, na juu yake sauti nyembamba, nyepesi, ya msichana mwenye haraka:

*Nimefua shuka zangu, upepo umezitupa chini,*
*Aliyezilalia juzi, leo kalala kwa nani?*

Machozi yalinitoka. Nilisema, "Mama," kwa sauti, kama mjinga.

"Huyo si Mama," dada alisema.

"Dada, usinifanyie hivyo."

"Sijakufanyia kitu, Verlene. Hako ni katoto ka watu. Mama hakuwa na sauti ya kifaranga."

Nilitamani kumpiga na beseni. Miaka yote ameninyima maneno, na siku nimepata kitu cha kushika, ananipokonya. Bwana Haas alisema jina limeandikwa pale kwenye karatasi ya katikati, jina na wimbo, hakuna kosa. Dada aliendelea na kunde zake, na santuri ikaendelea kuzunguka, na kale katoto ka watu kakaendelea kuuliza nani kalala wapi.

Kisha nikamwona yule bwana anakunja uso taratibu, kama mtu anayekumbuka kaacha kitu jikoni.

"Siku zile waliwarekodi kwenye vyumba vya hoteli," alisema, "kwa mitambo ya kubebwa begani. Mtambo ukizunguka polepole wakati wa kunasa, nasi leo tukauzungusha upesi, sauti inapanda juu na kukimbia. Sisi wakusanya santuri tunalijua hilo. Lakini tunampenda mtu jinsi tulivyomsikia mara ya kwanza, hatumgusi tena." Alijifuta jasho. "Nimewaambia wenzangu wote kwamba alikuwa msichana mdogo."

"Alikuwa na watoto watano na miguu inayouma," dada alisema.

Mashine yake ilikuwa na kitufe cha kupunguza mwendo. Alirudisha sindano mwanzo, akakizungusha kidogo. Sauti ikashuka.

"Bado," dada alisema. Alikuwa amefumba macho.

Akapunguza tena. Sijui niseme vipi kilichotokea mchana ule. Ilikuwa kana kwamba kitufe kile kimeshika na vitu vingine pia. Nyigu walining'inia chini ya dari wasiende popote, na vumbi la trekta lililokuwa likivuka shamba la pamba likasimama hewani, likasahau kutua. Sauti ilikuwa ikishuka ngazi kuja kwetu, na kila ngazi ilizidi kupata uzito, ikapata pumzi, kifua, umri.

"Bado, mwanangu. Mama hakuwahi kukimbilia kitu."

Akazungusha kidogo tena.

"Hapo," dada alisema.

Nami nikaijua. Sikuikumbuka, maana sikuwa na pa kuikumbukia. Niliijua kama ninavyoujua mlango wa nyumba yetu gizani. Sauti ile iliniita kula. Ilinitoa mtaroni nilipotumbukia, ikanigombeza juu ya viatu vilivyolowa, ikaniambia nisiogope siku nilipovunja ungo. Nzito, yenye mkwaruzo kidogo mwishoni mwa neno.

"Dada," nikasema, "mbona ni wewe?"

Hakufumbua macho. "Baba hakuweza kuvumilia. Nikianza kuimba jikoni alitoka nje, akaketi kwenye kuni mpaka ninyamaze. Nikaacha."

"Hata kanisani?"

"Kanisani natikisa midomo. Unakaa ubavuni kwangu kila Jumapili, Verlene."

Ni kweli nakaa ubavuni kwake. Sikuwahi kusikiliza.

Santuri ikafika mwisho. Nilimwomba Bwana Haas airudie, nikamwona anasita na mkono uko hewani.

"Nitairudia," alisema. "Ila kila ikichezwa, sindano inaila kidogo."

"Iache ipumzike," dada alisema.

Akajikohoza, akatazama shamba, akauchukua wimbo tangu shuka za kwanza, kwa mwendo ule ule. Bwana Haas alikuwa na kinasa sauti ndani ya gari lake. Nilimuuliza baadaye kwa nini hakukifuata, akasema alisahau kabisa kwamba anacho. Mimi niliegemeza kichwa begani kwa dada, nikausikia mtetemo wa sauti hadi kwenye mfupa wa shavu. Nilikuwa mwanamke mzima mwenye watoto wangu, na nilitaka asimalize.