Programu ya Kuondoa Kelele

Ofisi ya pamoja ilikuwa kwenye banda la zamani la mashine ya kusaga. Unga bado ulijificha kwenye pembe, kwa hiyo aliyeingia kazini na suruali nyeusi alitoka nayo imeota mvi. Meza zilikuwa sita, soketi nne, na intaneti ilishika vizuri zaidi karibu na choo. Dada Friji alikaa hapo hapo. Kazi yake ilikuwa kujibu simu za watu wa mbali ambao friji zao zimewagomea.

Jumatatu kampuni ikamletea programu ya kuondoa kelele, ili wateja wasijue anaongea kutoka kijijini. Akaiwasha. Kijiji kizima kikanyamaza. Jogoo alifungua mdomo, hakikutoka kitu, akaufunga. Walevi wawili waliokuwa wakitukanana dukani waliendelea kidogo kwa vidole, wakachoka, wakaenda kula. Sauti iliyobaki ni ya Dada Friji peke yake, na ilifika mpaka ng'ambo ya mto. Haikupita wiki, kila mtu alijua kuyeyusha barafu ya friji, ingawa friji hakuna aliyekuwa nayo.

Shida ilikuwa mwanawe, ambaye hata kukaa alikuwa hajajua. Alilazwa barazani kwa bibi yake, jirani na ofisi, na njaa ikimbana alikuwa analia. Siku moja alilia bibi akiwa amempa mgongo, anachagua maharage. Mama yake alipotoka alimkuta amelowa machozi mpaka shingoni.

Akarudi ndani akaizima programu. Msimamizi wa kampuni akapiga simu papo hapo.

"Dada, nasikia mbuzi."

"Na yeye anakusikia, bosi."

"Washa programu."

"Mwanangu nitamsikiaje?"

"Mtoto ni kelele, dada. Soma mkataba."

"Kelele ni wewe."

Msimamizi akaiwasha mwenyewe kutoka huko aliko, akaifunga kwa nywila.

Bibi hakwenda kulalamika. Angelalamika kwa sauti gani? Alichukua uzi wa kufumia, akafunga ncha moja kwenye mguu wa mjukuu, nyingine akaipitisha dirishani mpaka kwenye kidole cha binti yake. Wenzake Dada Friji ofisini wakawa wanauinamia wakienda chooni.

Kesho yake uzi ukamvuta kidole katikati ya simu.

"Subiri kidogo, mama," Dada Friji akamwambia mteja. "Mwanangu analia."

"Mbona simsikii?"

"Hata mimi simsikii. Wamemzima."

Kijiji kizima kikasikia. Wenye watoto wakaacha walichokuwa wanafanya, wakaanza kutafuta nyuzi.

Akaenda, akarudi na mtoto kifuani, akamuuliza mteja friji inavuja upande gani. Jioni msimamizi akamtumia ujumbe: mteja ametoa nyota tano, mazingira tulivu kuliko ofisi zote, aendelee hivyo hivyo. Nywila ya programu hakuiondoa.

Dada Friji aliusoma ujumbe, akamhamishia mtoto kwenye titi la pili. Tangu hapo alimwambia kila mteja kabla hata ya salamu, kwa sauti ya kufika ng'ambo ya mto:

"Hapa ni kijijini, na kuna mtoto."